Oringi mbili za kifuniko kimoja: uchambuzi wa tangi lililovuja juu ya bawa

Doa lilianzia kwenye ukingo wa nyuma wa kifuniko cha tangi la kulia. Lilikuwa na upana wa kidole gumba, likanyooka juu ya bawa jeupe hadi karibu na flapi. Rangi yake ilikuwa buluu iliyofifia, kama wino uliomwagiwa maji. Doa la namna hiyo halihitaji maabara. Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi ya buluu makusudi, na yenyewe ikishapotea hewani, rangi hubaki.

Ndege yenyewe haina cha ajabu: viti 4, injini moja, mabawa juu, na ndani ya kila bawa tangi la mpira. Vifuniko vyake ni vya aina inayolala sawa na ngozi ya bawa, vyenye leva ndogo inayokunjwa ndani ya kisahani. Mwenye ndege namwita kapteni naye huniita fundi, tangu tujuane. Alikuwa ameishi na doa hilo miezi kadhaa, analifuta kwa kitambaa kila akitua. Aliponijia hakuuliza kwa nini linatokea. Alikuja na orodha ya aina za mpira wa oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko.

"Fundi, niagize ipi? Nitrili, Viton, au ile ya buluu?"

Swali halali, ila lilistahili kuwa la tatu. Kabla yake kuna mawili: mafuta yanapita wapi hasa, na mpira uliopo unabanwa kiasi gani. Mimi nilijibu lile la tatu kwanza, na ndiyo sababu kifuniko kimoja kikafunguliwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mafuta hupandaje juu?

Ndege ikiwa imesimama, mafuta hayana sababu ya kutokea juu, labda tangi liwe limejazwa hadi shingoni na jua liyatanue. Angani ni mambo mengine. Hewa inayopita mgongoni mwa bawa ina msukumo mdogo kuliko ile iliyo ndani ya tangi. Kwa mwendo wa noti 120 karibu na usawa wa bahari, nguvu ya hewa inayokuja mbele ni kama kilopaskali 2.3, yaani safu ya maji ya sentimita 24, na mvuto wa juu ya bawa unaweza kukaribia kiasi hicho kutegemea sehemu. Ongeza kwamba bomba la kupumulia la tangi mara nyingi hutazama mbele, hivyo linaingiza hewa yenye msukumo. Chini mafuta yanasukumwa, juu yanavutwa. Mafuta yakigusa shingo na sili, yaani mpira unaoziba, ikiwa dhaifu, hufyonzwa nje.

Kiwango kikishuka chini ya shingo, kinachotoka huwa zaidi ni hewa yenye mvuke. Basi uvujaji wa kifuniko una tabia yake: huwa mkubwa mwanzoni mwa safari, tangi likiwa pomoni, kisha hupoa wenyewe. Nilimwomba kapteni apime kwa kijiti, si kwa geji. Baada ya saa ya kwanza tangi la kulia lilikuwa limepoteza lita 7 zaidi ya la kushoto. Saa ya pili yakaenda sawa. Tofauti peke yake si ushahidi, kwa sababu ndege nyingi za mabawa juu hunywa zaidi upande mmoja hata zikiwa nzima, lakini tofauti inayokoma ghafla pamoja na doa ilitosha. Akanieleza pia, kwa kupitia tu, kwamba la kulia hulijaza hadi ukingoni na la kushoto huliacha vidole viwili chini ya shingo, mazoea ya zamani. Hilo sikulitilia maanani siku ile.

Lita 7 za petroli zinauma, lakini si hizo zilizonifanya niache kazi nyingine. Njia inayotoa mafuta angani ndiyo inayoingiza maji ardhini. Kile kisahani cha leva kinashika maji ya mvua kama vijiko viwili vya chai, na ndege hii hulala bawa la kushoto likiwa chini ya paa na la kulia nje. Nilipochukua sampuli kwenye dreni ya kulia, tundu la kutolea mafuta chini ya tangi, asubuhi iliyofuata mvua, chini ya kikombe kulikuwa na tone la ukubwa wa punje ya dengu, jeupe kabisa chini ya buluu. Lilikuwa linabingirika kila nikikiinamisha kikombe. Lita 1 ya petroli hii ina uzito wa kama kilo 0.72, kwa hiyo maji huzama na kukaa chini, yakisubiri kwenda kwenye injini. Na jambo la hatari zaidi ni kikombe kilichojaa maji matupu: hakuna mstari wa kutenganisha, kinaonekana safi, na rubani mwenye haraka hukimwaga akiwa ameridhika. Tazama rangi, kisha nusa.

Kwenye matangi ya mpira kuna ubaya wa ziada. Mpira ukikunjamana sakafuni, mikunjo hukinga maji yasifike kwenye dreni. Unachukua sampuli safi, unaruka, ndege inainua pua na maji yanatiririka kuelekea njia ya mafuta. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa amri ya kiufundi AD 84-10-01 mwaka 1984 kwa ndege kadhaa za Cessna zenye matangi ya aina hiyo, na ndani yake mikunjo na vifuniko vilishughulikiwa kwa pamoja. Ndege nyingine hazimo kwenye amri hiyo, lakini maji hayasomi orodha.

Oringi ya kwanza, ile niliyoikuta

Oringi kubwa ya kifuniko hiki inakaa kwenye mfereji unaokizunguka, na inabanwa na ukuta wa shingo ya tangi kutoka pembeni. Niliyoikuta ilikuwa nyeusi, inang'aa, mpya kwa macho. Kapteni alisema iliwekwa miezi mitatu nyuma kutoka kwenye kasha la oringi mchanganyiko, na kwamba mwanzoni kifuniko kilikuwa kigumu mno kukitoa. "Nikajua imebana vizuri," akasema.

Hapo nikapata shaka. Kifuniko kinachokuwa kigumu siku chache baada ya kuwekewa mpira mpya hakijabana vizuri, mpira umevimba. Niliitoa, nikaiacha ikauke siku 2, nikaipima unene kwa kalipa: mm 3.5. Nikaitumbukiza kwenye chupa ya petroli ya ndege, pembeni yake oringi mpya ya nitrili kwenye chupa nyingine. Baada ya saa 24 ile ya kasha ilikuwa mm 4.2 na imelegea kama tambi iliyopikwa kupita kiasi. Ya nitrili ilikuwa imeongezeka kidogo sana, kiasi cha kubishaniwa na kalipa.

Tabia hiyo ni ya EPDM, mpira mzuri sana kwa maji, kwa mvuke na kwa mafuta ya haidroliki ya aina ya fosfeti, na mbovu kabisa kwa petroli. Kwa macho huwezi kuutofautisha na nitrili. Zote nyeusi, zote laini, zote hunusa mpira. Kisa cha doa kikaeleweka nusu: tangi likijaa, mpira unavimba na kubana, likikaa wiki nzima nusu tupu, mpira unakauka na kunywea, tena chini ya ukubwa wake wa awali kwa sababu petroli imeshausomba ulaini wake. Kapteni akijaza na kuruka papo hapo, anaruka na oringi iliyosinyaa.

Ukiniuliza, jaribio la chupa lingepaswa kuwa desturi kwa kila oringi isiyo na pakiti. Lakini jibu sahihi zaidi ni kwamba oringi isiyo na pakiti haiingii kwenye ndege.

Oringi ya pili, na kosa langu

Niliagiza ile iliyotajwa na orodha ya vipuri: nitrili ya MS29513, familia iliyotengenezewa mafuta. Tahadhari na namba hizi. MS28775 nayo ni nitrili, ina saizi zilezile na namba za mwisho zilezile, lakini imekusudiwa mafuta ya haidroliki. Ukikosea familia, inaingia kwenye mfereji bila kulalamika.

Namba ya baada ya kistari ndiyo saizi, kwa mpangilio wa AS568. Zinazoanzia 0 zina unene wa mm 1.78, za 100 mm 2.62, za 200 mm 3.53, za 300 mm 5.33. Kwa hiyo namba yenyewe inakuambia unene kabla hujafungua pakiti. Penye kipenyo kinachokaribiana, wengi hushika oringi ya kipimo cha metriki yenye unene wa mm 3 wakaona ni ileile. Nilipima mfereji wa kifuniko hiki na ukuta wa shingo: nafasi iliyobaki ni mm 2.85. Oringi ya mm 3.53 hapo inabanwa asilimia 19, na hiyo ni afya nzuri kwa sili isiyozunguka. Ya mm 3 ingebanwa asilimia 5. Ingeingia kwa ulaini mtamu, kifuniko kingefunga kwa kidole kimoja, na kingevuja safari ya kwanza. Ukiivuta ili ienee mfereji mkubwa ni mbaya zaidi, maana kila asilimia 1 ya kuivuta inaipunguzia unene kama nusu asilimia.

Pakiti ilisomeka 3Q21, yaani mpira uliivishwa kiwandani robo ya tatu ya 2021. Kwa mwongozo wa uhifadhi wa ARP5316, nitrili hukaa ghalani hadi miaka 15 ikiwa imefungwa vizuri, mbali na jua na joto. Ilikuwa salama. Nikasafisha shingo, nikapitisha ukucha ukingoni kutafuta vishimo vya kutu, nikapaka filamu nyembamba ya kilainishi kilichotajwa na mwongozo, nikafunga, nikaandika kitabuni.

Baada ya wiki mbili kapteni akapiga simu. Doa limepungua, lakini lipo. Na kwenye sampuli, dengu limerudi.

Oringi sahihi, mpya, imebanwa asilimia 19, na bado. Hapo kapteni akarudi kwenye orodha yake: si bure, nitrili imezeeka kimawazo, tuweke Viton. Nami, nakiri, kwa nusu siku nilikuwa karibu kukubali. Kubadilisha aina ya mpira ni rahisi kuliko kukiri kwamba hukutafuta tundu.

Sabuni

Mwongozo wa matengenezo ulikuwa na njia yake, nami nilikuwa nimeiruka kwa sababu doa lilionekana kujieleza. Unaziba njia nyingine za hewa, unaingiza hewa kidogo sana kupitia bomba la kupumulia, unapaka maji ya sabuni kwenye kifuniko, unatazama. Neno zito hapo ni "kidogo sana". Kiwango ni nusu psi, kilopaskali 3.4, safu ya maji ya sentimita 35. Mimi hutumia mpira unaoonyesha ndani wenye maji, umekunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao wenye rula. Kompresa ya gereji bila kidhibiti kizuri hupasua tangi kabla hujageuka.

Nilipaka povu kuzunguka kifuniko chote. Ukingo wa nje ulinyamaza. Nitrili yangu ilikuwa inafanya kazi yake. Kisha, katikati ya kisahani, kwenye kitako cha leva, kiputo kimoja kikajitokeza, kikakua polepole hadi ukubwa wa kunde, kikapasuka. Kingine kikafuata. Kapteni alikuwa amesimama kwenye ngazi ya upande wa pili. Akasema, "Hapo kuna nini?"

Hapo pana oringi ya pili. Leva huzungusha shafti inayopita katikati ya kifuniko hadi kwenye kufuli la chini, na shafti hiyo ina oringi yake ndogo, yenye unene wa mm 1.78 tu. Huioni mpaka utoe pini, nati yenye meno, springi, na kuisukuma shafti nje. Kwenye orodha ya vipuri inakaa mstari mmoja chini ya ile kubwa, na mimi nilikuwa nimeagiza mstari wa juu.

Nilipoitoa haikuwa duara tena. Upande mmoja ulikuwa bapa kama herufi D, ngumu, na nilipoikunja kidogo ikaonyesha nyufa. Unene wake ulikuwa mm 1.50, na nafasi yake ni mm 1.45. Kuna hesabu fupi ya kupima uchovu wa mpira: chukua ulichopungua, gawanya kwa kiasi ulichokuwa umebanwa. Hapa ni 0.28 kwa 0.33, asilimia 85. Mpira uliofika hapo umeshasahau kurudi. Na ukiwaza ulipokaa, ni chini kabisa ya kile kisahani, mahali ambapo maji ya mvua hukusanyika na kusubiri. Oringi kubwa ya pembeni hupata mvua inayopita. Ndogo hulala chini ya dimbwi.

Niliweka ndogo mpya ya nitrili na sikugusa kitu kingine chochote. Hilo nililifanya kwa kukusudia. Ningebadilisha zote mbili pamoja na aina ya mpira, leo kapteni angekuwa anasimulia kwamba Viton ndiyo dawa. Sabuni kwa kilopaskali 3.4, dakika 10: kimya. Kisha nikajaza kisahani maji yenye rangi nyekundu ya keki, nikayaacha usiku kucha kifuniko kikiwa kimefungwa juu ya shingo ya mazoezi iliyobanwa kwenye jiliwa, karatasi nyeupe chini yake. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe. Safari tatu zilizofuata hazikuacha doa.

Jambo moja zaidi kabla ya kuiachia. Kifuniko kinachovuja huwa kinalisaidia tangi kupumua bila mtu kujua. Ukikiziba vizuri, kazi yote inarudi kwa bomba la kupumulia, na kama nyigu wa matope wamejenga humo, tangi la mpira huanza kujikunja ndani kadiri injini inavyonyonya, na geji husoma uongo. Nilizibua mabomba yote mawili na kuhakikisha hewa inapita. La kulia lilikuwa na vumbi gumu kidogo mdomoni, si la kutisha.

Ile nati yenye meno pia ina kisa chake. Kazi yake ni kuweka ugumu wa leva. Kwa kuwa oringi kubwa inabanwa kutoka pembeni, kukaza nati hakuongezi ubanaji hata kidogo. Kunachofanya ni kula meno ya kufuli. Alama za bisibisi kwenye nati hii zilionyesha kuna aliyejaribu dawa hiyo kabla yangu.

Sasa, orodha ya kapteni

Uvujaji ulipokwisha ndipo swali lake likapata mahali pake: ukija ukaguzi wa mwaka, oringi hizi zibadilishwe kwa mpira gani?

Viton, au kwa jina la aina yake fluorokaboni, huvumilia petroli na joto kuliko karibu kila kitu kilichoko dukani, na jua haliitishi. Udhaifu wake ni baridi. Ile ya kawaida huanza kupoteza uchangamfu kuelekea nyuzi 26 chini ya sifuri, na kabla ya kufika hapo imeshakuwa nzito kurudi. Kwa ndege inayoruka chini na kulala mahali pa joto hilo huenda lisionekane kamwe. Kwa ndege inayopanda hadi futi 18,000, ambako hewa ya kiwango huwa nyuzi 20 chini ya sifuri, au inayoamka kwenye barafu, sili inakakamaa na kuacha kubana wakati hasa mvuto wa juu ya bawa unaanza. Sababu ya pili ya kuiacha ni karatasi. Waraka wa mtengenezaji wa kifuniko hiki haukuitaja.

Fluorosilikoni ndiyo "ile ya buluu". Mara nyingi huja na rangi hiyo, ingawa rangi si cheti. Inavumilia petroli, inavumilia jua na ozoni, na hubaki laini hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Ghalani haihesabiwi miaka. Usiichanganye na silikoni ya kawaida, ile nyekundu ya jikoni, ambayo petroli huivimbisha vibaya. Majina yamefanana na hasara haifanani. Kasoro yake ni unyonge. Huchanika upesi, na haipendi kusuguliwa. Kwa sili inayokaa tuli ni nzuri sana. Kwa shafti inayozungushwa kila mafuta yanapojazwa, si mahali pake.

Nitrili ina nguvu ya kusuguliwa, na zile za familia ya mafuta hufika karibu nyuzi 54 chini ya sifuri. Adui zake ni jua, ozoni na muda. Juu ya bawa hayo matatu hukutana.

Kwa hiyo kifuniko kimoja kikatoa majibu mawili: fluorosilikoni ya M25988 kwa oringi kubwa, nitrili ya MS29513 kwa ndogo ya shafti, hii ya mwisho ikibadilishwa kila ukaguzi wa mwaka bila kusubiri ishara. Kwa ile kubwa, waraka wa mtengenezaji uliziorodhesha familia zote mbili, nitrili na fluorosilikoni, kwa saizi ileile. Usingeziorodhesha, ningebaki na nitrili. Kanuni za Marekani, sehemu ya 21.9, hukubali vipuri vya kiwango kama vile vya AN na MS bila kibali cha kiwanda cha ndege, lakini hilo linahusu kutengenezwa na kuuzwa kwa kipuri. Kubadilisha aina ya mpira kwenye muundo ulioidhinishwa ni jambo jingine, na anayesaini kitabu ndiye atakayeulizwa.

Kapteni aliuliza pia kuhusu petroli mpya zisizo na risasi, maana Marekani inalenga kuachana na risasi kwenye petroli ya ndege ifikapo mwisho wa 2030, na Umoja wa Ulaya umeiweka tetraetili ya risasi chini ya kibali maalumu tangu Mei 2025. Risasi yenyewe haina shughuli na oringi. Kinachoigusa ni kiasi cha aromatiki, vitu kama toluini na zailini, ambavyo huvimbisha nitrili. Mpira uliozoea mafuta yenye aromatiki nyingi ukahamishiwa yenye chache hunywea, na kama ulikuwa umeshachoka, ndipo huanza kuvuja. Ukienda kinyume chake unavimba. Ethanoli ya petroli ya magari nayo ina mchezo wake kwa nitrili. Kwa kifuniko cha kisa hiki nilimwambia hivi: akibadilisha mafuta, abadilishe oringi wiki hiyohiyo, ili mpira mpya uanze maisha na mafuta mapya.

Ukaguzi wa mwaka

Miezi 11 baadaye nilitoa nitrili yangu kubwa. Ilikuwa bado inaziba. Kalipa ilisoma mm 3.12, yaani ilishapoteza asilimia 60 ya urejeo wake, na upande uliotazama juu ulikuwa na nyufa za kama nywele. Fluorosilikoni ikaingia. Niliisukuma kifuniko kikiwa wima, bila kukizungusha, na bado moyo ulinidunda kidogo nikiisikia inapita kwenye ukingo wa shingo. Mwaka uliofuata ilisoma mm 3.40, yaani ilikuwa imepoteza asilimia 19 tu ya urejeo wake.

Kifuniko cha kushoto hatukukigusa siku ile ya sabuni. "Kushoto hakuna doa," kapteni alisema, nami nikashuka ngazi. Nilikifungua kwenye ukaguzi huo wa kwanza wa mwaka, kwa utaratibu tu. Bawa lile hulala chini ya paa, na tangi lile hujazwa vidole viwili chini ya shingo. Oringi kubwa ilikuwa nzima. Nilipoisukuma shafti, oringi ndogo ilitoka vipande viwili.